Uso Usiopanguswa

Louise alipata habari za kifo chake akiwa na gunia la mpunga mgongoni. Alikuwa anatoka kwenye malori, pale sokoni Kasongo, anaelekea kwenye mashine ya kukoboa, kichwa kimeinama, ukanda wa gome la mti umemkaza kwenye paji la uso, macho yakitafuta mahali pa kuweka mguu. Akasikia pikipiki ikianguka. Hakugeuka, maana mtu mwenye gunia hageuki kwa kila kinachoanguka. Lakini aliyeiangusha alipiga ukelele, na ndani ya ukelele ule mlikuwa na jina lake.

“Louise! Mungu wangu, yaya Louise!”

Alikuwa Bakari, mtu wa kwao Kabambare aliyemwita yaya kama dada yake mkubwa, anayebeba abiria kwa pikipiki kati ya miji hii miwili na kuita hiyo kazi. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, gurudumu bado linazunguka, naye amesimama mbali kidogo, mikono kichwani. Louise alirudi kinyumenyume mpaka gunia likakaa juu ya ukuta mfupi wa mashine, akauvua ukanda, akapumua.

“Bakari, kuna nini? Umegonga mutu?”

“Weye ulishakufa.”

“Nani?”

“Weye. Tuko mu kilio chako tangu juzi. Miye mwenyewe nilibeba viti.”

Watu waliokuwa karibu walicheka, kama watu wa soko wanavyocheka kila kitu kwanza, halafu wanauliza. Bakari hakucheka. Alisogea, akamgusa Louise mkono kwa ncha ya kidole, akaona ni mkono wa joto wenye jasho, ndipo akatoa simu yake mfukoni na kumwonyesha.

Kwenye kioo cha simu mlikuwa na uso wa Louise. Uso tu, kuanzia kidevu hadi zinapoanzia nywele, bila shingo, bila nguo, bila mahali. Rangi zilikuwa zimeondolewa zote. Vumbi la pumba za mpunga lilikuwa limeganda kwenye kope na ndani ya nyufa za midomo, jeupe. Macho yalikuwa nusu wazi, mdomo umeachama kidogo, na kila mkunjo ulionekana, hata ule ambao Louise mwenyewe hakujua kama anao. Chini ya picha hapakuwa na neno lolote. Yaliyofuata yalikuwa maneno ya watu wa ukoo: pole kwa familia, pumzika dada, Mungu ametoa Mungu ametwaa, na mishumaa, na vikatuni vinavyolia.

Kwa asiye wa huku, inafaa aelezwe. Siku hizi mtu akifa, kazi ya kwanza ya wenye simu si kuchimba kaburi wala kutafuta turubai. Ni kutafuta picha ya marehemu, kukata vyote mpaka ubaki uso, kuondoa rangi, kisha kuitupa kwenye kundi la ukoo. Haiandikwi kitu, maana wote wanaelewa. Basi uso kama ule ukiingia bila neno, nani atauliza? Mmoja aliandika pole, wa pili akaona wa kwanza ameandika pole, na kuanzia hapo ikawa mbio, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kulia. Mpwa mmoja wa Louise aliyeko Kindu ndiye aliyeiokota picha huko mitandaoni, akamtambua shangazi yake, akaituma Kabambare huku analia kwa kweli. Walimpigia Louise. Simu yake ilikuwa imeharibika zamani, na kila Jumapili alimpigia mama yake kwa simu ya yeyote aliyekubali. Hakupatikana, na kutopatikana kukawa ushahidi.

“Mama anajua?” Louise aliuliza.

“Mama Lwamba? Nani atakosa kujua, kilio iko kwake? Hakuli, yaya. Hata chai anakataa. Analala chini tu, anageukia ukuta.”

Louise alikaa chini, mgongo kwenye ukuta wenye gunia lake. Bakari aliliangalia gunia, akauangalia ukanda mkononi mwake, akaziangalia nguo zake. Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

“Na butiki?”

“Usiniulize.”

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Pale Kabambare kila mtu alijua kwamba Louise, bintiye Mama Lwamba, ana butiki ya vitenge Kasongo. Mama yake alitoa mbuzi wake wote ili butiki ile ifunguliwe, na tangu hapo hakuwahi kukaa na wamama wa kanisa bila kuitaja. Na kweli butiki ilikuwepo. Ilikuwepo mpaka mwaka wa juzi, lori lenye mali ya Louise lilipoanguka mtoni kwenye daraja la magogo, vitenge vikalala majini, na vilivyookolewa vikaoza kabla havijakauka. Louise alifunga mlango, akatafuta ukanda wa gome, akaanza kubeba mpunga wa watu. Mama hakuambiwa. Kila Jumapili aliuliza, “Butiki inaendelea?” na kila Jumapili Louise alijibu, “Inaendelea, mama, niko muzuri.” Ulikuwa uongo, ndiyo, lakini ndio uliomfanya mwanamke yule mzee ajivike kitambaa chake na kwenda kanisani kichwa juu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kwamba kilio chaweza kuwa chako mwenyewe, nawe unapumua.

Nsimire ndiye aliyekumbuka picha ilitoka wapi. Nsimire aliuza makayabu karibu na mashine. Alitoka Bukavu na mumewe kufuata dhahabu, dhahabu ikamkataa, samaki wa chumvi wakamkubali, naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

“Ni ule Dady, mupiga foto!” alisema. “Si unakumbuka siku ile ulikaa hapo chini, umefunga macho? Alikukaribia na ile kitu yake, nikajisemea huyu atamutoboa mwenzangu jicho.”

Louise alikumbuka. Alikuwa amemaliza gunia la mwisho, amekaa chini ya ukuta, hajalala wala hayuko macho. Akasikia mlio mdogo. Alipofungua macho, kioo cha kamera kilikuwa mbele ya pua yake, karibu kuliko alivyowahi kuona uso wa mtu tangu mumewe afe. Dady alishusha kamera, akatabasamu, akashukuru kwa Kifaransa, “Merci, mama,” akaenda zake. Louise alitaka kumwita amgombeze. Lakini ugomvi nao unataka nguvu, na zile alizobaki nazo zilikuwa za kufika nyumbani.

Basi wakaenda kwa Dady, wote watatu, gunia likaachiwa mwenye mashine.

Dady alikuwa na chumba kidogo nyuma ya msikiti, chenye pazia lililochorwa ngazi na maua na bahari yenye bata weupe. Zamani watu walipanga foleni mbele ya bahari ile: maharusi, watoto wa komunyo, wapenzi. Siku hizi kila mtu ana simu, na bata wale walikuwa wameanza kubanduka rangi. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na adabu, alivaa shati lililopigwa pasi, na alipomwona Louise mlangoni alisimama kwa furaha ya kweli.

“Mama! Ni weye! Unajua foto yako imefika wapi?”

“Imefika Kabambare,” Louise alisema.

“Mbali zaidi ya ile! Watu wa Ulaya wameiona. Kuna mutu ameniandikia, anataka kuiweka kwa ukuta, mu nyumba ya kuonyesha foto.”

“Miye Kabambare inanitosha.”

Bakari alimweleza. Dady alisikiliza, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo. Alikaa. Alisema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyesifiwa kwa kitu haachi kukitetea hata kikiwa kimeua, na Dady alikuwa amesifiwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kupiga picha za kadi ya uchaguzi.

“Mama, elewa kwanza. Tulifanya kozi, mwalimu alitoka mbali. Alitufundisha: ukimuomba mutu, ukweli unakimbia. Karibia mpaka usikie pumzi yake, piga, kisha sema merci. Na usiandike kitu chini, foto nzuri haina haja ya maneno.”

“Na huyo mwalimu,” Nsimire aliuliza, “alikubali mumukaribie yeye hivi? Akiwa amechoka, kamasi iko natoka?”

Dady alifikiri. Ilionekana hakuwahi kuliwaza hilo.

“Yeye alikuwa mwalimu,” alisema.

“Haya.”

“Lakini mama Louise, sema kweli. Kama ningekuomba siku ile, ungefanya nini?”

“Ningepangusa sura,” Louise alisema.

“Unaona!” Dady alipiga goti lake kama aliyeshinda kesi. “Ungepangusa! Foto ingekufa!”

“Ndiyo. Ningepangusa.”

Alikuwa amechoka, na aliona jambo lenyewe lilikuwa wazi kiasi kwamba kulieleza ni kujidhalilisha mara ya pili. Uso umeumbwa na haya. Mtu hana butiki, hana mume, hana simu inayofanya kazi, lakini ana kiganja cha kupitisha usoni kabla wengine hawajamtazama. Kitu hicho kidogo ndicho Dady alichokichukua, kisha akasema merci.

Dady akapata wazo. Atapiga picha nyingine, mama akiwa amejipamba, anacheka, waitume Kabambare, mambo yaishe. Hata Louise aliona ni akili. Alipangusa uso, Nsimire akamvika kitambaa chake cha kichwa, akasimama mbele ya bata na bahari, akacheka kicheko ambacho hakikuwa chake. Picha ikaingizwa kwenye simu ya Bakari, aliyekuwa kwenye kundi la ukoo, na Dady akaandika chini yake kwa herufi kubwa kwamba huyu mama ni muzima. Wakasubiri rezo, mtandao wa simu. Ilipokuja, ilileta majibu mawili. La kwanza lilikuwa la shangazi yake Louise: amina, kwa Mungu wote ni wazima. La pili lilikuwa la Lwamba, kaka yake: asante kwa foto nzuri hii, tutaiweka mbele siku ya ibada. Kisha rezo ikaondoka, na haikurudi tena siku ile.

Nsimire alianza kucheka, akaona uso wa Louise, akaacha.

“Basi tunaenda,” Louise alisema. “Kesho asubuhi. Bakari atatubeba.”

“Atawabeba nani?” Dady aliuliza.

“Miye na weye. Si ndiye uliniua? Utakuja kunifufua.”

Waliondoka alfajiri, watatu juu ya pikipiki moja: Bakari mbele, Dady katikati na begi lake la kamera kifuani, Louise nyuma na kifurushi. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kitenge kizuri cha Nsimire, cha kuazima, na kichupa cha mafuta ya kujipaka. Louise alikuwa ameipanga safari yake. Kumfikia mama akiwa hai lilikuwa jambo la kwanza. La pili lilikuwa kumfikia akiwa mwenye butiki. Picha ile ilikuwa mbaya, angesema, lakini ni vumbi tu, nilikuwa nafagia ghala, mama, mpiga foto alinikuta vibaya. Bakari aliapa kwamba hatasema alimkuta na nini mgongoni.

Barabara ya Kabambare haina haja ya kusimuliwa kwa aliyeipita, na asiyeipita hataamini. Palipo na tope walishuka wakasukuma. Palipo na magogo walishuka wakapita kwa miguu, Bakari akivusha pikipiki kwa kuiombea. Louise hakutazama mto uliomeza vitenge vyake. Walilala njiani kwa watu wema, wakaondoka tena kabla jua halijachomoza, migongo ikiwauma. Uchovu wake haukuwa wa safari. Ulikuwa ule wa siku nyingi, ambao usingizi wa usiku mmoja hauupunguzii kitu.

Njiani waliposimama Bakari amwage petroli tangini kutoka kwenye chupa, mwanamke mmoja alipita na mtoto mgongoni na kuni kichwani. Jua lilikuwa limemwangukia upande mmoja. Mkono wa Dady ulienda kwenye begi wenyewe. Louise aliuangalia mkono ule tu. Dady akaurudisha gotini.

“Ni mazoea, mama,” alisema.

“Najua.”

“Si kwamba nawazarau. Miye naona watu wanapita, hakuna anayewaangalia. Nasema, acha mutu mumoja awaangalie vizuri.”

Louise aliliwaza hilo. Halikuwa neno la kijinga. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemwangalia, na labda kama Dady angekaa chini kando yake siku ile, akamuuliza jina, akamwambia naona umechoka, angemwachia uso wake bila kuupangusa. Angeweza kulia hata. Lakini Dady hakukaa chini. Na sasa Louise alikuwa anaumwa kiuno, na Kabambare ilikuwa bado mbali, na hakuona sababu ya kumpa mtu yule jambo jingine la kujivunia.

“Bakari, maliza kumwaga petroli,” alisema.

Kwenye kijito cha mwisho kabla ya mji Louise alishuka. Alinawa vumbi jekundu la barabara, akavaa kitenge cha Nsimire, akajipaka mafuta mpaka uso ukang'aa, akashusha kitambaa cha kichwa chini kabisa, kikakaribia nyusi. Dady alikuwa amegeuka upande mwingine bila kuambiwa. Louise aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza hakumchukia.

Walisikia kilio kabla hawajaiona nyumba. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa, sufuria kubwa ya sombe, majani ya muhogo, juu ya mafiga. Kwenye ukuta, ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiiharibu, walikuwa wamebandika picha. Mtu aliichapisha kwenye karatasi kubwa, na uso ule ulikuwa mkubwa kuliko uso wa mtu. Kila aliyeingia aliusalimu kwanza. Louise alisimama akajiona, na akawaona wachungaji na majirani na wanawake wa kanisa wamekaa mbele yake wakimtazama midomo iliyopasuka. Aliona aibu kali, akatamani angekuwa maiti kweli, maana maiti haoni wanaomwona.

Mtoto mmoja alimwona, akakimbia. Wanawake wakageuka. Kelele zilizofuata hazielezeki: viti vilianguka, mtu akamwaga sufuria ya chai, kijana mmoja akaruka ua. Shangazi peke yake ndiye aliyesonga mbele. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, dada wa marehemu baba yake, naye alinyoosha mkono.

“Simama fasi ile. Usiingie.”

“Shangazi, ni miye.”

“Kila mutu anasemaka ni miye. Leteni maji.”

Ndivyo ilivyokuwa kwa ukoo wao. Aliyeliliwa haingii uani hivi hivi, hata akiitwa kwa jina na akaitika. Lazima anawe uso mbele ya wote, kwa maji ya nyumba ile, bila kitambaa, ili walio hai waone kwamba ni ngozi na kwamba maji yanashuka juu yake kama yanavyoshuka kwa mtu. Louise alikuwa amelisahau hilo kabisa. Alipoliona beseni likija, alishika kitambaa chake cha kichwa.

“Nimenawa sasa hivi kwa kijito,” alisema.

“Ile maji sikuiona,” shangazi alisema. “Vua kitambaa.”

Alivua. Aliinama, akanawa polepole, akitumaini vidole vyake vitaacha mafuta kidogo. Shangazi akachukua kipande cha sabuni, akamsugua mwenyewe, kwa nguvu, kama anavyosuguliwa mtoto. Mafuta yakaenda na maji. Uso ukabaki kama ulivyo. Watu walisogea waone, wakanong'ona, mmoja akalinganisha na picha ya ukutani, akasema kweli, ni yeye.

Ndipo Mama Lwamba akatoka ndani, Lwamba amemshika kiwiko. Alikuwa amepungua mpaka nguo zinamning'inia. Hakupiga kelele. Alimwacha Lwamba, akatembea peke yake mpaka kwa binti yake, akasimama karibu sana, kwa sababu macho yake yalikuwa hafifu. Alimshika mashavu. Vidole vyake vikapanda, vikapita juu ya nyusi, vikafika kwenye paji, na hapo vikasimama. Kulikuwa na mfereji pale, mgumu, kutoka upande hadi upande, na mama hakuhitaji macho kujua ni wa nini. Na yeye alibeba miaka yote ya ujana wake.

“Mupunga?” aliuliza kwa sauti ya chini, isiyofika kwa wengine.

Louise alikuwa na maneno yake tayari. Ghala, kufagia, vumbi. Aliyatafuta yote akakuta hana nguvu ya kuyanyanyua hata moja.

“Mupunga, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu lori lilianguka.”

Mama yake alibaki amemshika. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya furaha peke yake. Siku zote zile alikuwa amemlilia mfu, na kilio cha mfu kina siku yake ya mwisho, watu wanakunja mikeka wanarudi makwao. Huyu aliyerudi alikuwa hai, na kilio chake hakikuwa na siku ya mwisho.

Halafu aligeuka, akauliza ni nani aliyepiga ile foto. Bakari akamsukuma Dady mbele. Dady alisimama mbele ya mama mzee, begi mgongoni, kofia mikononi.

“Ni weye ulimukaribia hivi?”

“Ni miye, mama.”

“Mutoto wangu huyu nilimuzala. Nilimunyonyesha. Kila Jumapili niliuliza, akaniambia iko muzuri. Sura hii alinificha miye, mama yake, kusudi nisiumie.” Alinyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi. “Weye alikupa lini?”

Dady alifungua mdomo. Bila shaka yale ya kozi yalikuwepo humo, ya ukweli na ya pumzi. Hayakutoka.

“Hakunipa,” alisema.

“Basi.”

Hakuna aliyempiga, ingawa vijana wawili walikuwa wamejiandaa. Dady alikwenda ukutani, akabandua karatasi, akaikunja uso ukiwa ndani. Kisha alibaki ameishika, hajui pa kuiweka, maana iliyokuwa ndani ya simu za watu haikuwa na ukuta wa kubanduliwa.

Walimletea Louise chakula, sombe ya matanga yake mwenyewe, na watu walianza kucheka kidogo, wakitaniana nani alilia kwa nguvu kuliko wenzake, na mchungaji akauliza kama ibada iwe ya shukrani. Louise alitia tonge moja mdomoni, la pili hakulifikisha. Kichwa kilimwinamia pale pale alipokaa. Alijishtua mara moja, akajaribu kukaa sawa, akatafuta kitambaa cha kichwa.

“Kiache,” mama yake alisema. “Lala.”

Akalala juu ya mkeka wa kilio, katikati ya ua, mbele za watu, usingizi mzito wenye mdomo wazi. Mama Lwamba alijivuta mpaka kichwani pake, akakaa akiwapa watu mgongo, akaitandaza kanga yake upande hadi upande, mtu asione uso wa mtoto wake. Shangazi alikuja kuchungulia kama kweli anapumua.

“Rudi nyuma,” Mama Lwamba alimwambia. “Mutoto iko nalala.”